Barua yangu ya kazi imesahihishwa: kwa nini?

SWALI: Katika barua ya kuomba kazi niliandika "I am applying for this post with a view to get experience". Mwalimu wangu wa Kiingereza alikata "get" akaandika "getting". Mbona "in order to get" inakubalika, ilhali virai vyote viwili vinaishia na "to"? Na je, "for the purpose of" au "for the sake of" vingefaa mahali pake?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi. Katika "in order to", hiyo "to" ni alama ya kitenzi, kwa hiyo hufuatwa na kitenzi kisichonyambuliwa. Katika "with a view to", "to" ni kihusishi, nacho hudai nomino au kitenzi chenye "-ing". Ukitaka kuhakikisha, weka nomino badala ya kitenzi: "with a view to marriage" ni Kiingereza safi, lakini "in order to marriage" haisemeki. Sisi hujikwaa hapa kwa sababu Kiswahili hakitofautishi: tunasema "ili kupata" na vilevile "kwa lengo la kupata", na "kupata" haibadiliki. Kiingereza hubadilika: "in order to get", lakini "with the aim of getting". Hata wanasheria wanapaswa kuwa macho, kwani "with intent to" hufuatwa na kitenzi kitupu, "with intent to steal", ilhali "with the intention of" hudai "stealing".

Kuhusu "for the purpose of", kisarufi hakina kosa, ila kina harufu ya ofisi na sheria, na katika barua ya mtu binafsi husikika kizito. Kikiwa katika wingi, kama katika "for the purposes of this Act", hakitaji hata nia ya mtu. Huweka tu mpaka kwamba maana inayotolewa ni kwa matumizi ya sheria hiyo.

"For the sake of" ndicho ningekukataza kabisa hapa. Hutumika pale jambo linapofanywa kwa faida ya mtu au kwa kuthamini kitu fulani: "for the sake of the children", "for the sake of peace". Kwa kuwa chote hicho kwetu ni "kwa ajili ya", ni rahisi kukichukulia kuwa sawa na vingine. Lakini ukimwandikia mwajiri kwamba unaomba nafasi "for the sake of experience", ataelewa kwamba kazi yenyewe huijali.

Jihadhari pia na virai vinavyofanana kwa sura. "In view of" hueleza sababu, si kusudi, na "with a view of" utaikuta zaidi katika matangazo ya hoteli zenye vyumba vinavyotazama bahari. Kwa barua yako, "to gain experience" inatosha, na ni bora uongeze sentensi moja inayosema wewe utamfaa mwajiri kwa lipi.