Mwani kwenye tangi la matumbawe: anza na maji unayojazia

Kaka uliyeandika kutoka Shela, usitie dawa ya kuua mwani kwanza. Umesema naitreti, yaani mbolea majini inayolisha mwani, imefika miligramu 40 kwa lita, kioo kinaota ukijani kila baada ya siku mbili, na unajazia maji ya kisima. Pima hicho kisima chenyewe. Visima vyetu vya pwani vingi viko karibu na vyoo vya shimo, na naitreti hupita mchangani pamoja na maji. Kuchemsha hakuitoi; maji yakipungua inazidi kukolea. Nunua maji yaliyosafishwa kwa mashine ya osmosisi, ile inayochuja maji kwa utando mwembamba sana, chumvi ya tangi uchanganye humo.

Badili robo ya maji kila wiki. Ikiwa hakuna inayoongezeka, 40 inashuka 30, kisha 22, kisha 17. Usiyamwage yote kwa pupa, matumbawe yatashtuka.

Halafu chakula. Mimi nilikuwa nawapa samaki kamba wa barafu, na yale maji ya waridi yanayobaki bakulini nayamimina yote ndani. Nilipoanza kuwasuuza kwenye chujio la chai, mwani wa nyuzi ulipungua bila kuugusa. Uliobaki niliung'oa kwa mswaki.

Lenga naitreti 5 hadi 10 na fosfeti, mbolea nyingine ya mwani, 0.03 hadi 0.1, kwa miligramu kwa lita. Tafadhali usizifikishe sifuri: matumbawe hupauka, na ule utelezi wa kahawia wenye viputo, dinoflajelati, hupata nafasi. Huo kuutoa ni kazi kuliko mwani wako wa sasa.