Barabara namba 288 ilikwenda wapi?
Ndugu, umeuliza kwa nini Barabara ya Jimbo namba 288 ya North Carolina, Marekani, haionekani tena kwenye ramani. Jibu ni kwamba ilimezwa na maji. Ilitoka Bryson City, ikafuata ukingo wa kaskazini wa mto Little Tennessee kuelekea Deals Gap, njia ya mlimani kwenye mpaka wa Tennessee, lakini haikudumu hata miongo mitatu, kwani bwawa la Fontana, lililojengwa kuanzia 1942 hadi 1944 ili kuzalisha umeme wa viwanda vya vita, lilizamisha sehemu yake kubwa. Katika mkataba wa 1943 serikali kuu iliahidi kujenga nyingine baada ya vita. Zilikamilika kilomita 10 hivi na handaki moja, kisha kazi ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya miamba inayotoa asidi, na wenyeji wakaibandika jina la Barabara Isiyofika Popote. Mwaka 2010 kaunti ya Swain, uliko mji wa Bryson City, ilikubali dola milioni 52 badala yake, fedha ambazo zilimalizika kulipwa mwaka 2018 (kuchelewa huko, kwa maoni yangu, hakukuwa na udhuru). Makaburi ya zamani yamebaki ng'ambo ya ziwa lililotokana na bwawa hilo, na jamaa za waliozikwa huko huvuka ziwa kwa boti kwenda kuyazuru.