Bastola ya .22 ya kuwindia kindi: ichague kwa mkono wako

Kila mwaka Agosti ikikaribia, simu huanza kuingia kutoka kwa ndugu zetu walioko Louisville, Lexington na hata ng'ambo ya mto kule Indiana: "Kaka, nataka bastola ya kuwindia kindi. Ninunue ipi?" Hapa Kentucky msimu wa kindi hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, na kila mwindaji anaruhusiwa kindi 6 kwa siku. Wengi wanaopiga simu wametoka Kenya kama mimi, nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo maarifa haya hatukuyarithi kwa baba zetu. Tunayaokota dukani, na muuzaji ana mali yake ya kuuza.

Jibu langu ni lilelile kila mara. Nunua ile ambayo wewe mwenyewe, ukiwa umeketi chini ya mti, unaweza kupigia kichwa cha kindi bila kukosa. Kichwa hicho, ukitoa pua na masikio, ni kama inchi moja na nusu tu. Risasi ya .22, yaani yenye kipenyo cha kama inchi 0.22, ni ndogo, gramu mbili na nusu hivi, na ikitoka kwenye mtutu mfupi wa bastola inakuwa na nguvu pungufu kuliko ikitoka kwenye bunduki ndefu. Ikimpata mnyama tumboni, atapanda hadi kwenye tundu la mti na kufia humo polepole, nawe humpati. Mimi hilo silikubali. Anayeua mnyama ili ale, amuue kwa mara moja.

Tumalize habari ya sheria haraka. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, duka lenye leseni haliwezi kukuuzia bastola kama hujafikisha miaka 21, na bastola hununuliwa katika jimbo unaloishi. Mwenye green card anaruhusiwa kununua. Aliye hapa kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa hata kuishika, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Ukiwa katika kundi hilo, muulize mwanasheria kabla ya kukanyaga dukani, kwa sababu kosa moja kwenye fomu linaweza kukuharibia makaratasi yako yote. Halafu kuna mafunzo ya uwindaji: Kentucky inayadai kwa kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1975. Ukihamia jimbo jingine, soma upya kanuni zake, maana aina za silaha zinazokubaliwa kwa wanyama wadogo hutofautiana.

Sasa bastola yenyewe. Jambo la kwanza kupima ni triga, kabla hata ya kuuliza bei. Mwombe muuzaji ruhusa ya kuivuta. Risasi za aina hii hulipuka pini inapogonga ukingo wa kitako cha ganda, kwa hiyo bastola nyingi za .22 zikifyatuliwa tupu, pini hugonga chuma cha mtutu na kukiumiza. Muulize kwanza, au aweke risasi bandia ya mazoezi. Ukivuta, kidole kihisi uzito mmoja ulio sawa, kisha ikatike ghafla, yaani iachie nyundo. Triga inayokwaruza, au inayosafiri mbali kabla ya kukatika, itasogeza mtutu kila mara, na kwa kipimo cha inchi moja na nusu hakuna nafasi ya kusogea. Mimi ningetoa pesa zaidi kwa triga nzuri kuliko kwa kitu kingine chochote kwenye bastola.

Jambo la pili ni uzito na urefu. Bastola ndogo za mfukoni zisahau kabisa. Mtutu wa inchi 5 na nusu au 6 unaweka umbali wa kutosha kati ya alama ya kulengea ya mbele na ile ya nyuma, na kosa dogo la mkono linaonekana mapema. Uzito nao unatuliza mkono. Ruger Mark IV Target ya chuma ina karibu kilo 1.2, na dukani watu huiona nzito. Ukiwa umeegemea shina la mwaloni, umeweka mikono juu ya magoti, uzito huo unakuwa rafiki yako. Ile ya aluminiamu, 22/45 Lite, ina kama gramu 700 na inabebeka vizuri, ila kwa mkono ambao haujazoea hutikisika zaidi. Browning Buck Mark iko katikati, na triga yake nimeipenda tangu siku ya kwanza. Kwa anayetaka ya kujipakia yenyewe, ningemwambia achague kati ya hizi mbili, Mark IV na Buck Mark, kwa kuzishika zote. Mark IV ina sifa moja ya ziada: tangu ilipotoka mwaka 2016 inafunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja nyuma, na .22 ni risasi chafu. Bastola isiyofunguka kwa urahisi haitasafishwa.

Rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kindi. Haichagui risasi: zilizo dhaifu na zenye kasi zote zinapita, kwani mkono wako ndio unaozungusha silinda. Tena inakufundisha subira. Ruger Single-Six inatengenezwa tangu 1953, unavuta nyundo kwa kidole gumba kila risasi, na triga yake ikishavutiwa nyundo ni fupi na safi. Ila ukinunua iliyokwisha kutumika, itazame ubavuni. Ukiona skrubu 3, ichukulie kuwa ni ya kabla ya 1973. Katika hizo nyundo hukaa juu ya pini moja kwa moja, na bastola ikianguka risasi inaweza kutoka. Ibebe na risasi 5 tu, nyundo ikae juu ya tundu tupu, au uipeleke Ruger wenyewe wakuwekee kifaa cha usalama, kazi ambayo wanaifanya bure. Jambo jingine la rivolva: kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mdogo unaotoa moto na vipande vya risasi. Kidole cha mkono wa kusaidia kisifike hapo kamwe.

Single-Six nyingi huja na silinda ya pili ya .22 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, na vijana huvutiwa nayo sana. Kwa kindi sioni haja yake. Inapiga kelele zaidi, ni ghali zaidi, na inaharibu nyama ambayo ndiyo iliyokupeleka porini. Na usijaribu kutia risasi ya .22 ya kawaida kwenye silinda ya Magnum. Tundu ni pana kuliko ganda, na ganda litapasuka.

Kuhusu risasi, kila bastola ina inayoipenda, na hakuna anayeweza kukuambia ni ipi mpaka uzijaribu. Nunua boksi moja moja la aina nne au tano, zikiwemo zile za mwendo wa kawaida, ambazo mara nyingi hukusanyika mahali pamoja kwenye shabaha vizuri kuliko zile za kasi. Ukishaipata, nunua nyingi za aina hiyohiyo. Pia jizoeze na risasi inayogoma, kwa kuwa aina hii hugoma mara kwa mara: ukivuta triga na isilipuke, shikilia mtutu upande salama kwa nusu dakika ndipo uitoe.

Halafu masikio. Kwa kuwa risasi ni ndogo, watu hudhani kelele nayo ni ndogo. Bastola ya .22 huvuka desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja tu unatosha kudhuru usikivu. Vaa kinga hata porini. Zipo za umeme zinazokuachia usikie kindi akitafuna jozi na kuzima mlio wa risasi, nami sitoki bila yangu.

Sasa kipimo cha mwisho. Chora miduara ya inchi moja na nusu kwenye karatasi, nenda uwanja wa shabaha, na ukae chini kama utakavyokaa msituni, bila meza. Anza yadi 10. Risasi zote zikiingia ndani ya mduara, sogea 15, kisha 20. Pale ambapo moja inatoka nje, rudi kwenye umbali uliotangulia. Huo ndio mwisho wako msituni, hata kindi akisimama yadi tano mbele ya hapo akikutazama. Mikono ikiwa imara lakini macho yamechoka, weka kioo cha nukta nyekundu juu ya bastola. Mark IV Target na nyingi za Buck Mark zina mahali pa kukifunga, na kwa sisi tuliovuka miaka 40 ni msaada wa kweli.

Uwanjani karatasi iko mbele ya kifusi cha udongo. Msituni kindi yuko juu ya mti, na hapo ndipo ninapowagombeza vijana. Risasi ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2. Kindi aliye kwenye tawi jembamba, na mbingu nyuma yake, hapigwi. Subiri ashuke mpaka shina, kichwa chake kikae mbele ya mti mnene, au awe ardhini akitafuta jozi huku mlima uko nyuma yake. Wakati wa kusubiri, kidole kiwe nje ya triga na mtutu uelekee chini. Ukishuka kilima chenye majani yaliyolowa, bastola irudi kwenye mkoba wake na uufunge, maana miguu huteleza.

Na kama hata yadi 10 miduara inakukataa, msimu huu winda kwa bunduki ndefu ya .22, ambayo inasamehe mengi, na bastola uendelee kuifanyia mazoezi uwanjani. Msimu wa kindi hapa unafika hadi Februari.