Taa nyekundu ikiwaka, usikimbilie kuchomoa diski

Ofisi nyingi hapa Arusha, za utalii hasa, zina kisanduku cha diski nne kilichosukumwa chini ya meza ya mhasibu. Picha za wageni, vocha, hesabu za miaka, vyote vimo humo. Siku taa ya diski ya tatu inapogeuka nyekundu, anayefika wa kwanza huichomoa, huipuliza vumbi na kuirudisha. Akikosea sloti, basi. Visanduku hivi mara nyingi hutumia RAID 5, mpangilio unaounganisha diski kuwa safu moja, na huo huvumilia diski moja tu kutoka. Ukichomoa nzima wakati mbovu tayari imeshatoka, safu yote inaanguka.

Kwa hiyo anza na bakapu. Safu iliyopungukiwa diski moja bado inasomeka, ila taratibu. Nakili kwenye diski ya nje yale yasiyopatikana kwingine, hesabu kwanza, video za Kilimanjaro baadaye.

Kisha soma SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Kwenye Linux andika smartctl -a /dev/sdc, ukibadilisha herufi ya mwisho kulingana na diski, uangalie safuwima ya mwisho, RAW, kwenye mistari minne, ukiitambua kwa namba iliyo mwanzoni mwa kila mstari. Mstari wa 5 ni sekta mbovu zilizokwisha kuhamishwa. Ukisoma 8 na ikabaki 8 miezi yote, diski hiyo ni ya kuchungwa; ikiwa 8 leo na 40 keshokutwa, agiza nyingine. Mistari ya 197 na 198 ni sekta zinazogoma kusomeka, na hiyo ni dalili mbaya zaidi. Wa 199 ndio unaowapotosha wengi: ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi, na mara nyingi chanzo chake ni kebo au kiunganishi. Diski nzima hutupwa kwa sababu ya kebo ya bei ya chai. Hesabu ya 199 hairudi sifuri, hivyo iandike, badilisha kebo, uone kama inaendelea kupanda.

Ukibaki na shaka, zima mashine, weka alama kila diski na sloti yake, halafu hamisha diski inayoshukiwa kwenye kebo na tundu jingine. Kosa likiifuata, diski ndiyo mbovu. Likibaki kwenye tundu lile lile, diski haina hatia. Safu ya mdadm, programu ya RAID ya Linux, haijali diski imechomekwa wapi, lakini kadi za RAID za zamani nyingine zinajali, ndiyo maana ya zile alama.

Diski mbili zikipotea kwa sekunde ile ile, achana nazo, tazama umeme. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12, kwa hiyo nne zikiamka pamoja ni 8. Pawa saplai iliyochoka hulegea hapo hapo. Pima kwa multimita wakati wa kuwasha: volti 11.4 hadi 12.6, na laini ya 5 iwe 4.75 hadi 5.25. Multimita haioni mtikisiko wa ghafla, basi jaribu pia pawa saplai nyingine unayoiamini. Na stebilaiza si UPS, yenye betri ya akiba. Umeme ukikatika, haikuokoi.

Ukisikia tk, tk, tk, kisha mota inasimama na kuanza tena, zima. Hapo ni kichwa cha kusomea. Usiifungue, usiiweke kwenye friza.

Kabla ya kuweka diski mpya, soma SMART za zile tatu zilizobaki. Kuijenga upya safu kunazisoma zote mwanzo hadi mwisho, na yenye 197 juu ya sifuri inaweza kugoma katikati; hiyo ikopi kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zinazogoma kusomeka. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, wala ya aina ya SMR, ambayo huandika data kwa njia zinazopandiana na hukokota mno kwenye kazi hii. Terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa saba, na watu wakiwa kazini inazidi, basi anza Ijumaa jioni, UPS ikiwa imechomekwa. Fuatilia kwa cat /proc/mdstat mpaka [UU_U] iwe [UUUU]; U ni diski iliyo kazini, _ ni iliyokosekana.

Diski uliyoitoa ibandike teepu yenye tarehe, namba ya sloti na hesabu ya mstari wa 5 na wa 197. Usiitupe mpaka mhasibu afungue mafaili yake mwenyewe.