Feni mwachie mdogo wako

Mwanangu,

Juzi uliponipigia kusema uhamisho wa Njombe umetoka, ukauliza kama huko kuna hata mwezi mmoja unaofanana na Dar ili ujue kama ubebe feni, nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni. Nisamehe. Nilipokaa nikaliwaza, niliona swali lako lina maana kuliko nilivyolipokea.

Unajua nilikwenda na kurudi njia ile miaka 19, mbao kutoka Njombe, nashusha Buguruni. Ndani ya gari nilikuwa na kipimajoto cha kioo nyuma ya kiti, na kichupa cha mafuta ya nazi alichokuwa akinijazia mama yako. Kipimajoto kilivunjika mara tatu. Kichupa ndicho kilichonifundisha zaidi, kwa sababu mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi.

Hapa kwetu mafuta yale ni maji karibu mwaka mzima. Kaskazi ikishika, Januari mpaka Machi, mchana ni nyuzi 32 na usiku wenyewe haushuki sana chini ya 25. Kusi ikivuma, Julai na Agosti, mchana ni kama 29 na alfajiri 18 au 19, hapo ndipo unakuta kichupa kimekuwa cheupe na mama yako anakianika juani. Ukitazama vizuri utaona Dar ina joto lake lisiloisha: ile 25 mpaka 29 utaipata kila mwezi, kama si usiku basi mchana. Ni kazi ya bahari hiyo. Maji hayapoi haraka wala hayachemki haraka, nasi tumelala ubavuni mwake.

Sasa Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Hesabu mwenyewe. Julai asubuhi kipimajoto changu kilikuwa kikisoma 7 au 8, mchana 18. Huko Makete na Kitulo ni balaa zaidi, sakitu, ule umande ulioganda, inalala juu ya majani na viazi vinaungua kama vimemwagiwa maji ya moto. Mwezi wenye joto si Februari kama kwetu. Ni Oktoba na Novemba, jua limekaribia utosini na mawingu ya masika yao hayajafika. Mchana unafika 24, hata 25, lakini alfajiri unarudi 12 au 13. Kwa hiyo joto lao linalopatikana kila mwezi ni kama 13 mpaka 18, na halikutani popote na lile letu la kila mwezi.

Njombe na Dar zinapogusana ni pembeni tu, na kinachozigusanisha ni saa, si mwezi. Saa nane mchana ya Novemba Njombe, umekaa kibarazani, ni sawa na saa mbili usiku ya Julai hapa Mbagala, kabla mama yako hajatafuta shuka la pili. Mwezi mzima unaofanana na Dar haupo.

Utauona mpaka wa joto letu na lao kwa macho siku utakayosafiri. Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na wauza vitunguu, utingo wangu alikuwa kifua wazi. Tukianza mlima wa Kitonga, gia ya kwanza, magari yamefuatana kama siafu, anavaa fulana. Tukipita Mafinga ana sweta, na Makambako kichupa cha mama yako ukikigeuza juu chini hakidondoki tone.

Mchana usikudanganye lakini. Juu kule hewa ni nyepesi na Julai mbingu haina wingu, jua linachoma ngozi huku kivulini unatetemeka. Likizama tu, joto lote linapaa. Vaa nguo juu ya nguo, uvue na kuvaa kwa saa. Koti moja zito litakutesa saa sita.

Jambo moja sitanii. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha, wanalala. Moshi wake mbaya hauonekani wala haunuki, na wapo wasioamka. Ota moto nje, kisha uende kitandani na mablanketi mawili. Nunua hukohuko, ya Dar ni mepesi.

Koti langu la kijani lipo juu ya kabati, zipu inakwama ukifika kifuani, ivute kwa chini kwanza. Mama yako ameshajaza kichupa. Nimemwambia akuwekee kwenye kopo la mdomo mpana, uchote kwa kijiko.

Baba yako