Subiri dawa ifike

Vijana wanaoanza kazi ya kuwalaza usingizi wagonjwa wa upasuaji hapa Tanga huniuliza sana kuhusu dozi: miligramu ngapi kwa kilo, nani apunguziwe. Mimi huwaambia kwanza waitazame saa ya ukutani. Aliyenifundisha hilo ni bibi mmoja wa Pangani.

Aliletwa na ngiri iliyobana. Umri ulishapita miaka 70, mwembamba, mishipa inateleza chini ya ngozi hata kanula, kile kimrija cha mshipani, tukaipata mara ya tatu. Nikamchoma propofoli, ile dawa nyeupe kama tui la nazi. Kwa kijana, dawa hiyo hulaza katika sekunde 30 hadi 40 hivi, yaani muda wa damu kutoka mkononi, kupita moyoni na kwenye mapafu, hadi ubongoni. Nikahesabu mpaka 40. Bibi akanitazama: “Mjukuu wangu, mbona bado nawaona?” Daktari mpasuaji alikwishanawa, ananisubiri. Nikaona haya, nikaongeza.

Kumbe ya kwanza ilikuwa bado njiani. Moyo wa mzee husukuma damu taratibu. Zikafika zote kwa pamoja, presha ya juu ikaporomoka hadi 60, nami mkono mmoja nafungulia dripu, mwingine natafuta efedrini, dawa ya kupandisha presha. Alipona, alhamdulillahi. Midomo yake ilivyopauka siku ile sijaisahau.

Ukitaka kuelewa dawa inakwenda wapi, nenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri. Mashua zikishusha, wanaojaza matenga kwanza ni wale walio pale pale. Ndivyo ulivyo ubongo: uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hupata karibu asilimia 15 ya damu inayotoka moyoni, kwa hiyo hujaa dawa mapema. Halafu misuli inachukua fungu lake. Mafuta ya mwili huja mwisho, kwa kuwa damu inayoyafikia ni kidogo, ila yakishaishika propofoli hayaiachi upesi. Mgonjwa aliyechomwa mara moja akizinduka baada ya dakika 5 hadi 10, msidhani ini limeimaliza. Imehama ubongoni tu. Samaki wamepelekwa Muheza, hawajaliwa.

Aliyepoteza damu nyingi ndiye ninayemwogopa zaidi. Mwili wake umefunga njia za ngozi na misuli ili damu iliyobaki ihudumie ubongo na moyo. Dozi ya kawaida mshipani kwake ni kubwa mno, maana karibu yote inaelekea huko huko. Na mofini ya kutuliza maumivu usimchome msulini. Itakaa pale bila kufanya kazi, maumivu yataendelea, utashawishika kurudia. Ukishamwongezea damu na mzunguko ukarudi, zote mbili zitaingia kwa mkupuo na kumzuia kupumua. Mchome mshipani, kidogo kidogo, huku unamwangalia.

Siku hizi mzee akilazwa mezani namwamkia, namshika mkono, nachoma polepole dozi iliyopunguzwa, kisha nasubiri dakika nzima na zaidi nikimuuliza habari za wajukuu. Majibu yakianza kukawia, najua imefika. Mpasuaji atangoja.

Nanyi ndugu wa mgonjwa, akizinduka na kuwatambua, msimwachie mambo yake mapema. Dawa iliyojificha kwenye misuli na mafuta bado inarudi kwenye damu kidogo kidogo. Kwa saa 24 asiendeshe chombo, asitie sahihi mkataba wowote, na asilale nyumbani peke yake. Majuzi kijana mmoja aliyekatwa jipu alikuwa anacheka, anatembea vizuri, anataka kuendesha pikipiki yake hadi Chumbageni. Nilimwomba ufunguo, nikamkabidhi kaka yake.