Simu ikiinuliwa, intaneti inakatika

SWALI: Nyumbani nina laini moja ya simu yenye simu mbili, sebuleni na chumbani. Nimefunga modemu-ruta ya ADSL (intaneti inayopita kwenye laini ya simu) yenye matundu manne ya kompyuta, lakini mtu akiinua mkonga wa simu ya chumbani, intaneti inakatika. Halafu nataka kompyuta ya dukani, mita 30 hivi kutoka nyumbani, itumie laini hiyo hiyo. Msomaji, Jinja.

JIBU: Simu ya chumbani haina filta, kile kichujio kidogo kinachotenganisha sauti na intaneti. Sauti husafiri chini ya kilohezi 4, ADSL huanzia kama kilohezi 25 kwenda juu, na vyote vimo katika waya mmoja. Simu isiyo na filta ikiinuliwa, huvuruga yale masafa ya juu. Kila simu ipate filta yake, na faksi pia kama ipo. Kwenye filta ya matundu mawili, modemu huingia palipoandikwa DSL, simu palipoandikwa PHONE. Ukizigeuza, taa ya DSL itapepesa kutwa nzima bila kutulia.

Tazama na plagi. Ya simu ni nyembamba, ya mtandao ni pana na ina nyaya 8. Ile nyembamba huingia hata kwenye tundu la mtandao, ikichezacheza, na hapo wengi hudanganyika.

Kwa duka, usirefushe waya wa simu. Ule mrefu bapa hudhoofisha mawimbi na kuokota kelele. Modemu ibaki mita 2 au 3 kutoka soketi ya ukutani, kisha vuta kebo ya mtandao ya Cat 5e. Hiyo hufika mita 100 bila shida. Ipitishe ndani ya bomba la plastiki, jua lisipasue ganda lake. Na kwa radi za huko kwenu ziwani, kuzima swichi hakutoshi: chomoa umeme, waya wa simu na kebo ya dukani, kwani radi hupita popote penye shaba.

SWALI: Taa ya DSL imetulia ila ya Internet ni nyekundu. Nimefuata maelekezo ya video kutoka Uingereza. Msomaji, Kampala.

JIBU: Basi waya ni mzima, tatizo ni mipangilio. Kwenye kivinjari andika 192.168.1.1 (au anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya modemu) na uingie. Tazama VPI na VCI, namba mbili zinazoionyesha modemu njia ya kupita katika laini ya kampuni. Uingereza hutumia 0 na 38; wewe weka namba ulizopewa na kampuni yako ya simu, pamoja na jina na nywila ya PPPoE (njia ya modemu kujitambulisha kwa kampuni), herufi kubwa na ndogo kama zilivyo. Hifadhi, kisha iwashe upya. Taa ikiwa ya kijani na kompyuta bado haifungui kitu, angalia anwani yake: ikianza na 169.254, haijapewa anwani na ruta. Badilisha kebo kwanza, ndipo uhakikishe DHCP, huduma ya ruta ya kugawa anwani, imewashwa.